Studio na biro nyumbani: tuanze na umeme, tusianze na mikrofoni

Ba papa, ba mama, na ninyi vijana wa makambi na wa mitaa, leo hatusemi juu ya mishahara. Tunasema juu ya chumba kimoja ndani ya nyumba.

Mu Katuba, mu Kenya, mu Ruashi, hata kule Kampemba, kuko nyumba nyingi ambamo mtoto wa mfanyakazi wa mgodi anaomba kitu kimoja: mashine za kurekodi muziki. Baba akipata dekonti ya mwisho wa kontra, karatasi ya mtoto inatoka mfukoni: mikrofoni kubwa, bafle mbili, ordinatere mpya. Mara nyingi baba anakubali, kwa sababu hataki mtoto ashuke mu shimo kama yeye alivyoshuka.

Sisi wa sendika nasi tunahitaji chumba hicho, kwa kazi nyingine. Delege anahitaji meza ya kuandikia barua, mahali pa kutunza makaratasi ya wenzake, na njia ya kurekodi maneno ya wazee wa kazi kabla hawajaondoka. Meza ni moja, ordinatere ni moja, umeme ni mmoja. Mchana biro, mangaribi studio. Haina anasa. Lakini pesa ya dekonti inakuja mara moja tu, na ikipotea mu vyombo vibaya hairudi. Njo maana tunataka kueleza hatua kwa hatua, kwa kufuata hali ya hapa Lubumbashi, namna ya kuchagua na kupanga.

Sauti yetu ilirekodiwa na nani?

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyefanya kazi yake Afrika ya Kusini, alifika Jadotville, njo Likasi ya leo, na mashine zake za kurekodi. Pale alimkuta kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco wa Bayeke, aliyezaliwa 1930. Alimrekodi akipiga na kuimba. Rekodi zile zilizunguka dunia, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vya Mwenda. Kanda zenyewe zinatunzwa Afrika ya Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha 1954.

Hatumlaumu Tracey. Bila yeye labda tusingebaki na kitu. Lakini tunapata mafundisho mawili. La kwanza: gitaa moja, sauti moja, mikrofoni ya zamani, vilitosha. Ukubwa wa mashine haukumfanya Mwenda kuwa Mwenda. La pili: mwenye mashine njo anayechagua nani asikiwe, na njo anayejua kanda iko wapi.

Sasa tufikiri juu yetu. Wafanyakazi walioona mgomo wa Union Minière wa Desemba 1941, askari walipowapiga watu risasi kwenye kiwanja cha mpira hapa mjini, karibu wote wamekwisha kwenda. Lakini wale wa mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, ule wa 2003 na 2004, ambamo zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines waliacha kazi, wengi wao bado wako kati yetu. Ni ba baba zetu, ba yaya zetu. Kila mwezi tuko kwenye kilio cha mmoja wao. Kila tukizika, tunazika na maneno ambayo hakuna mtu ameyarekodi: namna posho ilivyogawanywa, namna kazi ilivyosimama, namna pesa ile ilivyokwisha.

Na msiseme Kiswahili chetu cha hapa hakifai kurekodiwa. Kundi la Mufwankolo lilicheza michezo kwa Kiswahili hikihiki, kwenye radio na televisheni, na mji mzima ulicheka na kujifunza.

Kazi gani kwanza?

Kabla ya kuingia mangazini, mukae nyumbani na kuuliza: chumba hiki kitafanya nini? Kazi ziko tatu, na kila moja inaomba vyombo vyake. Ya kwanza ni maneno: ushuhuda wa wazee, matangazo ya sendika, mahubiri. Ya pili ni kuimba na gitaa au kwaya ndogo. Ya tatu ni muziki unaotengenezwa ndani ya ordinatere, ngoma na vinanda vya mashine, halafu kijana anaongeza sauti yake juu. Kwa kazi ya kwanza na ya tatu mikrofoni moja inatosha. Kwa ya pili mutahitaji mbili. Mtu anayenunua bila kujibu swali hili ananunua ndoto ya muuzaji.

Umeme

Mu nchi ambamo umeme hauondoki, mtu anaanza na mikrofoni. Sisi tunaanza na umeme. Mnaujua ule mstari mrefu wa nyaya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1,700: ulijengwa kwa ajili ya kulisha viwanda vya shaba. Nyaya zinapita juu ya vichwa, lakini mu kata delestaji inaendelea, na umeme ukirudi unarudi na nguvu isiyo sawa. Nguvu ile njo inayoua vyombo.

Tufanye hesabu pamoja. Ordinatere ya kubeba inakula kama W 60. Karte ya sauti, tutaieleza chini, inakula W 3. Taa moja ya LED, W 10. Jumla ni kama W 75. Kazi ya saa 6 inaomba Wh 450.

Batri moja ya V 12 na Ah 100 inabeba Wh 1,200 kwa maandishi. Lakini batri ya risasi haipendi kunywewa zaidi ya nusu. Ukiimaliza kila siku, haitakaa. Basi tuhesabu 600, ondilere nayo inakula kidogo, inabaki karibu 500. Saa zetu 6 ziko. Sasa ukiweka ordinatere kubwa ya mezani na bafle mbili, unafika W 250 au zaidi, na batri ileile haifiki saa 2. Njo sababu tunasema: ordinatere ya kubeba, hata ya mitumba, inashinda ile kubwa yenye kung'aa.

Bao la jua la W 200, ukihesabu saa 4 za jua zuri na hasara za njiani, linarudisha karibu Wh 600 kwa siku. Inatosha. Wakati wa mvua, mawingu yatapunguza, basi siku ambazo umeme wa mji uko, tuchaji na huo.

Mambo manne ya kukumbuka. Moja: ondilere iwe ya aina ambayo wauzaji wanaita « pur sinus ». Ile ya bei ya chini inatoa umeme wenye meno, na meno yale yanasikika ndani ya rekodi kama nyuki. Mbili: weka regilatere kati ya umeme wa mji na vyombo, na umeme ukikatika chomoa kila kitu, ungoje dakika kadhaa baada ya kurudi. Tatu: ukisikia mvumo ndani ya kaske, chomoa chaja ya ordinatere, urekodi na batri yake. Mvumo ukiisha, ujue shida ni waya wa terre ya nyumba, ita fundi. Nne, na hili ni la uhai: grupe isiwashwe ndani ya nyumba, wala kwenye baraza, wala karibu na dirisha. Moshi wake una gesi ya CO, haina harufu, haina rangi. Watu wa chini ya udongo wanaijua gesi hii. Mtoto aliyefunga madirisha ili arekodi vizuri haijui.

Chumba

Vyumba vyetu vina kuta za matofali au bloki, sakafu ya simenti, malata juu. Ukipiga mkono mmoja kwa mwingine, sauti inaruka na kurudi. Mikrofoni inasikia yote, na hakuna programu inayoweza kuiondoa vizuri baadaye.

Kuko shida mbili, na watu wanazichanganya. Shida ya kwanza ni mwangwi wa ndani. Dawa yake ni vitu laini na vizito: godoro lililosimamishwa ukutani, blanketi mbili zilizotundikwa, kabati la nguo lililofunguliwa, pazia nzito, kapeti. Panga hivyo nyuma ya anayeimba na pande zake mbili. Makatoni ya mayai hayasaidii chochote, ni urembo tu. Shida ya pili ni kelele ya inje: nganda ya jirani, kanisa, pikipiki. Vitu laini havizuii hiyo. Kinachozuia ni uzito na kuziba: mlango mzito, mpira kwenye kingo za mlango, dirisha lililozibwa vizuri. Yote haya ni pesa. Mwenye pesa kidogo atumie saa: arekodi alfajiri, au usiku wakati nganda imefunga.

Juu ya malata: mvua ikianza, kazi ya mikrofoni inasimama, hata ukiwa na plafo ya triplex inayopunguza kidogo. Tunapanga kazi za kuandika na za kusafisha rekodi kwa siku za mvua, na za kurekodi kwa siku kavu. Vumbi nyekundu nalo ni adui. Funika vyombo na kitambaa kila mukimaliza.

Mikrofoni na karte

Mikrofoni ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza inaitwa dinamiki. Haihitaji umeme, inavumilia kuanguka, na inasikia zaidi kile kilicho karibu na mdomo. Ya pili, inayoitwa statiki, ni nyepesi kusikia, inaomba V 48 kutoka kwenye karte, na inasikia kila kitu: mtoto anayelia, jogoo wa jirani, mvua. Kwenye picha za studio za Ulaya mnaona hii ya pili. Lakini studio zile zina kuta za studio. Kwa chumba cha Katuba, dinamiki njo yetu. Mfano unaojulikana zaidi ni Shure SM58, iliyotoka 1966 na bado inatengenezwa. Mpya, inje ya nchi, inauzwa karibu dola 100. Mtu akikupatia SM58 mpya kwa dola 20, ujue ni ya kuiga. Bora ununue ya jina dogo lakini ya kweli.

Weka mikrofoni kwenye mguu wake, isishikwe mkononi. Mdomo uwe mbali upana wa mkono, na mikrofoni ikae kidogo pembeni ili pumzi za p na b zisiipige.

Karte ya sauti, mafundi wanaita karte-son, ni kisanduku kinachogeuza sauti ya mikrofoni iwe namba kwa ajili ya ordinatere. Usitumie kitundu cha mikrofoni cha ordinatere yenyewe, kinaleta upepo. Karte yenye milango miwili inatosha familia. Hapa majina kama Focusrite na Behringer yanapatikana, mengi yanapitia Kasumbalesa au Dubai. Nunua pale ambapo muuzaji anakubali uichomeke na kuijaribu mbele yake, na karatasi ya kununua iandikwe namba ya chombo.

Programu haina lazima ya kununuliwa wala kuibwa. Audacity ni bure, na kwa ushuhuda na matangazo inatosha kabisa. Kwa muziki wa ordinatere iko LMMS, bure pia. Programu zilizoibwa zinaleta virusi, na virusi vitakula barua za sendika pamoja na nyimbo za mtoto.

Masikio

Hapa tunasema na wachimbaji wenyewe. Kwa wataalam wa afya ya kazi wa Marekani, NIOSH, mtu asipite saa 8 kwa siku mu kelele ya desibeli 85. Kila zikiongezeka 3, saa zinagawanywa mara mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ikifika 100, dakika 15 zinatosha. Mashine ya kutoboa mwamba inapita 100. Basi mtu aliyetoka posti amekwisha kula sehemu yake ya siku, hata kama alivaa vizibo. Kuja nyumbani, kuvaa kaske ya kusikilizia na kufungua sauti mpaka mwisho, ni kuongeza posti ya pili bila malipo.

Kelele ya kazi inaanza kuharibu sauti za juu, karibu na Hz 4,000, mahali ambapo s, f na sh zinasikika. Mchimbaji wa miaka mingi anayepanga muziki ataziongeza sauti zile mpaka yeye azisikie, na watoto watashika masikio. Haina aibu. Ni ugonjwa wa kazi. Dawa ni mbili. Moja, kutopanga muziki siku ya posti. Masikio yapumzike kwanza. Mbili, kusikiliza na kijana pembeni, na kujaribu wimbo mahali patatu: mu simu, mu radio ndogo, mu mutoka. Ukisikika vizuri kote, umetoka.

Kama mtu anasikia mlio ndani ya sikio kila siku, asiulize fundi wa studio. Aende kwa daktari wa kazi, na aombe matokeo kwa maandishi, kisha ayatunze.

Biro

Na kutunza makaratasi njo kazi ya mchana ya chumba hiki. Karatasi ya mshahara ya kila mwezi, kontra, karatasi za daktari, barua za kampuni: vyote vipigwe picha vizuri, viwekwe mu dosye ya jina na mwaka. Siku mtu ataenda CNSS, iliyokuwa INSS zamani, kuulizia pensheni, ataombwa kuonyesha miaka yake. Anayeonyesha makaratasi anasikilizwa tofauti na anayeonyesha mikono mitupu. LibreOffice ni bure kwa barua na hesabu.

Rekodi na makaratasi viwe na nakala tatu: moja mu ordinatere, moja mu diski ya inje, moja mu nyumba nyingine. Saa moja ya ushuhuda, kwa sifa nzuri, inachukua karibu MB 520. Fleshi ya GB 32 inabeba kama saa 60. Hakuna sababu ya kufuta mzee kwa kukosa nafasi.

Lakini tahadhari. Mfanyakazi akieleza hatari iliyo mu mgodi wake, na bado anafanya kazi pale, sauti ile inaweza kumpotezea mkate. Faili ipewe namba, haina jina. Majina yaandikwe mu daftari inayolala mahali pengine. Ordinatere iwe na neno la siri, na watoto wa studio wasifungue dosye za sendika. Kwanza kabisa mwenye maneno aulizwe: unakubali nani asikie?

Kwa nyimbo pia. Sheria ya nchi ya 5 Aprili 1986 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake. Mwenye mashine haina mwenye wimbo. Vijana watatu wakitunga pamoja, waandike siku ileile nani alifanya nini, wasaini wote. SOCODA, shirika la haki za watunzi, litauliza hilo. Urafiki mwingi umekufa siku wimbo ulipopendwa.

Pesa

Tuseme familia imeamua kutoa dola 1,000 ya dekonti, haina zaidi. Sisi tungezigawanya hivi: batri, bao la jua, ondilere na regilatere, 400. Ordinatere ya kubeba ya mitumba, iliyojaribiwa, 250. Karte ya sauti, 100. Mikrofoni, 80. Kaske ya kusikilizia, ya kufunga masikio, 50. Mguu na nyaya, 40. Blanketi, mpira wa mlango, mbao, 80. Bei zinapanda na kushuka, lakini ukubwa wa mafungu usigeuke. Bafle zitangoja, zitanunuliwa na pesa ambayo chumba chenyewe kitaingiza, kwa kwaya za kata na vijana wanaolipa kwa saa.

Mama wa nyumba awe kwenye mkutano huo tangu mwanzo. Yeye njo anajua chumba gani kinaweza kutoka, na yeye njo atabaki na kelele wakati bwana yuko ku mgodi.

Na yule asiye na dola 1,000 wala 100, asikae. Simu iliyo mfukoni inatosha kwa kazi ya kwanza. Ingia chumba chenye kitanda na nguo nyingi, funga mlango, weka simu mu modi ya ndege ili isiite, iweke juu ya kitambaa, sentimeta 20 kutoka mdomo wa mzee. Sema tarehe na mahali. Uliza aliingia kazi mwaka gani, nani alikuwa kontre-metre wake, siku ya kwanza alishuka wapi. Kisha unyamaze, umuache aseme. Jioni ileile tuma nakala kwa mtoto mwingine wa familia. Dekonti inaweza kuchelewa miezi. Mzee hatangoja.